Volti Moja Iliyopotea

Taa nyekundu ilikataa kuzima.
Kutoka Olomouc mpaka juu Svatý Kopeček
ilinikodolea kama jicho la mlevi,
nami navuta mafuta, navuta tena,
Jawa yangu ya mwaka sitini na mbili ikinguruma kwa afya tele
huku betri ikikata roho chini ya kiti changu.

Nikanunua betri mpya.
Ikafa.
Nikanunua nyingine, ghali zaidi;
safari hiyo muuzaji alinipokea kwa jina.

Ghorofa ya chini, mlango wa kushoto, anakaa Bi Zdislava,
miaka thelathini na mmoja fundi wa simu za posta.
Pikipiki hajawahi kupanda, hata ya kuazima.
Alishuka gereji na ndara, na mita ya sindano
ndani ya mkoba wa ngozi, akaniuliza:
"Umepima nini?"
Nikasema nimebadilisha betri.
"Sikukuuliza umenunua nini."

Betri ikiwa imelala: sita nukta tatu.
Injini ikikimbia: sita nukta moja.
"Andika," akasema. "Kichwa ni daftari linalovuja."
Nikaandika nyuma ya risiti.

Nilikuwa na hakika ni dainamo.
Nikafungua kifuniko, nikatoa brashi za kaboni,
nikazipima kwa rula ya mwanangu,
nikasugua shaba mpaka ikameremeta kama sufuria ya harusi.
Siku mbili. Vidole vyangu, ambavyo mchana
humshikia daktari vinywa vya watu,
vikawa vyeusi hata mgonjwa mmoja
akaniomba nivae glavu juu ya glavu.

Kisha tukapima pale pale umeme unapozaliwa:
saba nukta moja.
Dainamo nzima. Nzima tangu mwanzo.
Nilitaka kulia; yeye alichangamka kama aliyepata barua.
"Saba inatoka, sita inafika.
Nani anakula njiani?"

Tukaufuata waya, kiungo kwa kiungo,
regyuleta, swichi, fyuzi,
kila kimoja tukikihoji kwa ncha mbili za mita,
na kila kimoja kikaapa hakikula, na kweli hakikula.
Nje mvua ilianza, ikakoma.
Mimi nikiwa nimeshakata tamaa, nafuta mikono, akasema:
"Mwaka mzima tulitafuta simu iliyokufa huko Šternberk.
Wote tulitazama safari ya kwenda.
Umeme nao una kwao. Lazima urudi."

Ncha moja kwenye mwili wa injini,
nyingine kwenye nguzo ya betri iliyofungwa fremuni.
Hapo hapapaswi kuwa na kitu.
Sindano ikainuka, polepole,
kama mtu anayekiri mbele ya wazazi wake:
volti moja.

Waya wa kurudi ulikazwa kwa bolti kwenye fremu,
fremu hiyo hiyo niliyoipaka Februari nzima,
tabaka tatu, nyekundu ya cheri,
nikaipiga picha, nikamtumia kaka yangu kule Ostrava
aliyesema sitaweza.
Nilipaka mpaka ndani ya tundu la bolti.
Nilipaka vizuri mno.

Mficha uchi hazai.

Bi Zdislava alinipa msasa, hakuongeza neno.
Nikakwangua duara dogo, upana wa koruna kumi,
rangi yangu ikidondoka unga unga kwenye viatu,
hadi chuma kikatokeza, cheupe, kibaya, kikavu.
Nikakaza.

Kiki ya tatu ikashika.
Taa nyekundu ikapepesa, ikazima.
Yeye akaandika mwenyewe kwenye risiti, saba,
akapiga mstari chini yake, akapanda ngazi kwenda kuangalia supu yake.

Usiku ule nilipanda tena hadi Kopeček,
taa ya mbele ikimwaga maziwa barabarani.
Sikuitazama.
Njia nzima macho yangu yalishuka
pale kwenye giza dogo, sawa na kifungo cha shati,
kuhakikisha kwamba bado halipo.